ALIYEACHA ARABUNI ATARUDI

Maandiko: Waefeso 1:13–14, 2 Wakorintho 1:21–22, 2 Wakorintho 5:1–5. Soma pia Mwanzo 38.



Kama Jumapili hukufika, au ulifika lakini mtoto akakutoa nje katikati ya mahubiri, hili ndilo neno tulilogawana. Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako, fungua maandiko matatu ya kwanza hapo juu, na upige mstari chini ya neno moja tu: arabuni. Paulo analiandika mara tatu, na mara zote tatu anazungumza habari za Roho Mtakatifu. Katika Agano Jipya zima hulipati mahali pengine.

Niliuliza kanisani: nani anajua maana ya arabuni? Kijana mmoja akajibu kwa ujasiri kwamba ni nchi ya Waarabu. Watu wakacheka, lakini msimcheke, maana hata mimi niliwahi kufikiri hivyo, na Biblia yetu kweli inaiita ile nchi Arabuni. Mikono mingine iliyoinuka ilikuwa michache, tena ya wazee waliokulia pwani. Nikauliza tena: nani hapa amewahi kulipa dipoziti? Hapo kanisa zima likainua mikono, mpaka watoto wa shule ya Jumapili.

Basi, watu wa Mungu, hilo ndilo neno lenyewe. Mtume Paulo alikuwa anaongea habari za dipoziti.

"KITAMBAA SIKATI BILA DIPOZITI"

Mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na kibanda sokoni, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni. Karo yangu, mpaka nikamaliza digrii ya biashara, ilitoka kwenye hiyo cherehani. Na ukiniuliza ni nani aliyenifundisha biashara kwanza, nitakuambia ni yeye, kabla ya mwalimu yeyote wa chuo.

Alikuwa na daftari alilolipigia mistari kwa rula: jina, dipoziti, balansi. Mteja akija anakaribishwa, anapimwa kifua, kiuno na urefu, anachagua mtindo, halafu anasema, "Basi nitarudi kesho." Mama anamtakia siku njema, lakini kitambaa hakikatwi. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anawafanyia watu hivyo. Akanijibu, "Aliyepimwa tu anaweza kusahau njia. Aliyeacha dipoziti atarudi."

Shika hilo neno. Tutalirudia.

SAFARI YA NENO MOJA

Katika Kigiriki alichoandika Paulo, neno ni arrabon. Lakini halikuzaliwa Ugiriki. Asili yake ni lugha za Kisemiti, ukoo wa Kiebrania, Kifoinike na Kiarabu. Kwa Kiebrania ni eravon. Wataalamu wa lugha wengi wanaona kwamba wafanyabiashara wa Foinike, watu wa Tiro na Sidoni, ndio waliolipeleka kwa Wagiriki pamoja na bidhaa zao. Hilo halitushangazi. Biashara husafirisha maneno. Hata meza unayolia chakula, jina lake tulilipata kwa Wareno.

Katika Biblia tunakutana nalo kwanza kwenye Mwanzo 38, sura ambayo wahubiri wengi tunairuka. Yuda, mwana wa Yakobo, anakutana na mwanamke njiani. Hajui kwamba ni Tamari, mke wa marehemu mwanawe. Anamwahidi mwana-mbuzi, lakini mbuzi hayuko pale. Mwanamke naye si mjinga, anadai kitu cha kushika mpaka mbuzi aletwe. Yuda anaacha muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Hapo Kiebrania kinasema eravon na Biblia yetu inasema rehani. Wayahudi waliotafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki, kabla Kristo hajazaliwa, waliliacha neno karibu kama lilivyo: arrabon.

Miezi mitatu baadaye habari inatoka kwamba Tamari ana mimba. Yuda anaamuru atolewe nje ateketezwe kwa moto. Tamari hapigi kelele wala hatafuti mashahidi. Anapeleka vile vitu na kuuliza ni vya nani. Yuda anatambua muhuri wake mwenyewe, na mwanamke anaishi. Kile alichoachiwa kilimwokoa siku ya hukumu. Kutoka tumboni mwake alizaliwa Peresi, na ukifungua Mathayo 1:3 utawakuta wote wawili, Tamari na Peresi, katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Mwenye sikio na asikie!

Kuna kingine. Ukisoma Mwanzo 43:9, huyu huyu Yuda anasimama mbele ya baba yake, akitaka kwenda Misri na Benyamini, na anajitoa kuwa mdhamini wa kijana. Kitenzi alichotumia kwa Kiebrania kinatoka kwenye mzizi ule ule wa eravon. Yule aliyeacha fimbo sasa anajiweka yeye mwenyewe rehani. Na mambo yalipoharibika Misri hakukimbia. Aliomba abaki yeye kuwa mtumwa, kijana arudi nyumbani kwa baba yake (Mwanzo 44:33). Kumbe tangu kitabu cha kwanza cha Biblia neno hili lilikuwa linaondoka kwenye vitu na kumwendea mtu.

Lakini katika Mwanzo maana ilikuwa bado rehani, yaani kitu kinachoshikwa, na deni likilipwa kinarudishwa. Wagiriki walipolichukua sokoni, maana ikasogea. Arrabon ikawa malipo ya kwanza, sehemu ya bei yenyewe. Haichukuliwi tena, bali balansi inaongezwa juu yake.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, anasimulia kisa cha Thales, mwanafalsafa wa Mileto. Watu walimcheka kwamba elimu yake haimpi hata chakula. Thales akaangalia nyota, akaona mavuno ya zeituni yatakuwa makubwa. Yalikuwa bado ni majira ya baridi. Akakusanya vijisenti vyake, akatoa arrabon kwenye mashine zote za kukamulia mafuta, katika Mileto na katika kisiwa cha Kio. Hakuna aliyeshindana naye, kwa hiyo alilipa bei ya chini. Mavuno yalipofika, kila mtu akahitaji mashine kwa wakati mmoja, na Thales akazikodisha kwa bei aliyotaka. Mileto hiyo ndiyo mji ambao Paulo aliwaitia wazee wa kanisa la Efeso akaagana nao (Matendo 20:17).

Ona jambo hili: arabuni inatolewa wakati mti bado hauna kitu. Anayeitoa anajua mavuno yanakuja.

Wala usidhani hili lilikuwa neno la wanafalsafa peke yao. Huko Misri, mahali paitwapo Oxyrhynchus, zilifukuliwa karatasi nyingi za mafunjo. Moja ni barua ya karne ya kwanza, karne ya mitume, ambayo mwandishi anataja kwamba amempa Lampon, mtega panya, drakma 8 kuwa arrabon, ili akamate panya wakiwa na mimba, kabla hawajazaana. Dipoziti ya panya, ndugu zangu! Hilo ndilo neno Roho Mtakatifu alilomwongoza Paulo kulichagua. Hakulitoa hekaluni, alilitoa sokoni. Naye Paulo alikuwa mtu wa soko. Matendo 18:3 inatuambia kwamba Korintho alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila. Mimi, mtoto wa fundi, siwezi kumwazia fundi asiyejua dipoziti.

Na sisi je? Neno hilo hilo la Kisemiti lilibaki katika Kiarabu, likapanda majahazi ya Bahari ya Hindi, likafika pwani yetu, na Waswahili wakaliita arabuni, au arbuni. Kwa hiyo ukisoma Waefeso 1:14 katika Biblia yako ya Kiswahili unashuhudia ndugu wawili wakikutana baada ya safari ndefu. Mmoja alipitia Ugiriki, mwingine akapitia kwa Waarabu, wakaja kukumbatiana katika mstari mmoja.

Sasa, mpendwa, hilo neno linataka nini kwako na kwangu? Nina mambo matatu.

1. DIPOZITI HUTOLEWA NA MNUNUZI

Rudi kwenye yale maandiko matatu uangalie ni nani anayetoa. Kila mahali ni Mungu. Sisi ni wapokeaji. Tulinunuliwa kwa thamani (1 Wakorintho 6:20), na aliyetununua akaacha arabuni.

Hapa niseme jambo gumu kidogo, nanyi mnivumilie. Siku hizi mtu anaambiwa kwamba muujiza wake uko tayari, ila lazima atume pesa kwanza ili ufunguliwe. Nambari ya kutuma imewekwa hapo chini ya skrini. Mjane anakopa kwenye chama, anatuma, anasubiri, kisha anaambiwa aongeze. Ndugu zangu, huko ni kumdai dipoziti mtu ambaye Mungu amekwisha kumpa arabuni. Simoni wa Samaria alitaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, na jibu la Petro mnalijua (Matendo 8:20). Sisemi usitoe sadaka. Toa! Toa fungu lako, saidia mgonjwa, jenga nyumba ya Bwana. Lakini toa kama mtu aliyepewa, usitoe kama mtu anayefungua kesi.

Mimi na mke wangu tuliwahi kulipa dipoziti ya ploti, shilingi 50,000 ambazo tulizikusanya kwa mwaka mzima. Muuzaji alituonyesha vigingi, akatuandikia risiti, tukapiga picha pale tukicheka. Tuliporudi na pesa iliyobaki tulikuta familia nyingine tayari imemwaga mawe ya ujenzi. Simu yake haikushika tena. Kwa hiyo ninapohubiri habari za dipoziti najua pia machozi yake.

Sheria za kale ziliyajua machozi hayo. Sheria za Kirumi zilizokusanywa wakati wa Kaisari Justinian, mwaka 533, zilisema mnunuzi akijiondoa anapoteza arabuni yake, na muuzaji akijiondoa anarudisha mara mbili. Ufaransa ina kanuni kama hiyo mpaka leo. Sheria iliwekwa kwa sababu wanadamu hujiondoa. Sasa jiulize: Mungu akijiondoa katika wokovu wako, atapoteza nini? Hakuacha fimbo wala muhuri wa jiwe. Ameacha Roho wake mwenyewe ndani yako. Ili akuache wewe, ingembidi ajikane mwenyewe, na hilo hawezi (2 Timotheo 2:13).

2. DIPOZITI NI PESA ILE ILE

Mteja wa mama akiacha shilingi leo, balansi yake pia ni shilingi. Haachi majani akaahidi kuleta pesa. Ndiyo maana arabuni ina ladha ya kile kinachokuja.

Ile amani uliyoipata usiku ule ulioomba mpaka asubuhi, hiyo ni pesa ya mbinguni. Ile furaha iliyokujia kwenye ibada wakati hata kodi ya nyumba hukuwa nayo, ni pesa ile ile. Kunena kwa lugha, uponyaji tuliouona kwa macho yetu katika kanisa hili, kule kumwita Mungu "Baba" bila woga, vyote ni sehemu ya urithi wenyewe. Mtu asikudharaulie. Wako wanaosema sisi Wapentekoste ni watu wa kelele na hisia. Waambie kwa upole kwamba umeshikishwa kitu, na unakijua.

Lakini pia jipime. Fimbo ya Yuda ilijulikana ni ya Yuda. Roho wa Mungu naye ana alama zake: upendo, furaha, amani, uvumilivu (Wagalatia 5:22). Kama nyumbani kwako wanakuogopa, kama wafanyakazi wako hawalipwi mwisho wa mwezi, usikimbilie kuhesabu lugha unazonena. Chunguza kama muhuri unasomeka.

3. DIPOZITI SI BALANSI

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa lazima niseme habari zangu.

Mama aliugua saratani. Tulifunga, tukakesha, tukampaka mafuta. Siku moja nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake nilimwambia, "Mama, mtu mwenye Roho Mtakatifu hawezi kuchukuliwa na ugonjwa kama huu. Wewe amini tu." Alinitazama kwa muda. Akasema, "Sawa, baba," akageukia ukuta. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Maneno hayo nimeyabeba. Mwanamke aliyenifundisha kupiga magoti nilimwacha aende akidhani kwamba kufa kwake ni upungufu wa imani. Na kwa miezi kadhaa nilisimama kwenye madhabahu hii nikiwahubiria huku moyo wangu umekauka. Nilikuwa namuuliza Mungu: kama Roho yuko ndani yetu, mbona tumezika?

Jibu nililipata katika 2 Wakorintho 5. Paulo anauita mwili huu hema. Fundi wa mahema anajua hema huchakaa. Anasema kwamba tukiwa ndani yake tunaugua, tena tumelemewa. Nani huyo anayeugua? Ni mtume aliyejazwa Roho, aliyewaombea wengine wakapona! Anasema hamu yetu si kuvuliwa tu, tunataka kuvikwa juu, ili kile chenye kufa kimezwe na uzima. Halafu, katika mstari wa 5, ndipo analitaja neno letu: Mungu ametupa arabuni ya Roho.

Umeona? Kuugua na arabuni vimekaa chumba kimoja. Warumi 8:23 inasema vivyo hivyo: sisi tulio na malimbuko ya Roho tunaugua tukingojea ukombozi wa mwili. Ukombozi wa mwili ndio balansi. Haijalipwa bado. Imeahidiwa, ina tarehe kwa Mungu, lakini bado.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Nilimwambia mgonjwa kwamba malipo yote yameshatolewa, na kama hayaoni basi ameyapoteza yeye. Lipo pia kosa la upande wa pili, la mtu anayezika halafu anasema hakukuwa na chochote, hata ile dipoziti ilikuwa hewa. Makosa yote mawili yanaua. Lile la kwanza linamlaza mgonjwa na hatia. La pili linamlaza mfiwa bila tumaini.

Basi tutaendelea kuwaombea wagonjwa. Jumatano hii saa kumi na mbili jioni tuko hapa, leteni wagonjwa wenu. Wengine Bwana atawaponya, nasi tutashangilia, kwa maana hiyo ni arabuni. Wengine tutawazika tukilia, na hatutawatafutia kosa, kwa maana balansi yao iko kwa Mwenyewe. Na wewe uliyewahi kuambiwa na mchungaji, au na shemeji yako matangani, kwamba mtu wako alikufa kwa kukosa imani, mimi kama mtumishi nakuomba msamaha.

GAUNI LILILOBAKI KWENYE KAMBA

Karibu mwezi mmoja baada ya mazishi, mimi na dada yangu tulikwenda kukiondoa kibanda cha mama. Tukafunga cherehani kwa kamba, tukakusanya nyuzi na vipande vya vitambaa. Juu kwenye kamba kulikuwa na gauni moja la kitenge limebaki, limeshonwa likaisha, limepigwa pasi. Kipande cha karatasi kilikuwa kimebanwa kifuani kwa pini, na juu yake jina kwa mwandiko wa mama. Tukafungua daftari: jina lile lile, dipoziti 500, balansi 700. Nambari ya simu hakuna. Dada akasema labda mwenyewe alishasahau.

Tulikuwa bado tunapakia mizigo mama mmoja wa makamo akafika mbio mbio kutoka stendi, vumbi miguuni. Hakuwa amesikia habari ya msiba. Mkononi alikuwa na noti zilizokunjwa ndogo sana. Akasema, "Najua nimechelewa jamani, lakini niliacha dipoziti." Dada yangu alishindwa kuongea. Mimi ndiye niliyepanda kwenye stuli nikalishusha lile gauni, na nilipokuwa juu pale nilimsikia mama kama anaongea nami sikioni: aliyeacha dipoziti atarudi.

Fundi alikuwa amelala kaburini. Kibanda kilikuwa kinafungwa. Lakini gauni lilikuwa na jina kifuani, na mwenyewe alikuja.

Soma tena 2 Wakorintho 1:22. Paulo anaweka vitu viwili pamoja, muhuri na arabuni. Muhuri ni jina la mwenyewe, kwamba huyu ni wangu. Arabuni ni kifungo, kwamba nitarudi kumchukua. Mama yangu amelala udongoni na jina limebanwa kifuani mwake. Macho yetu yanaona Mwenyewe anachelewa, na soko linasema amesahau. Hajasahau. Aliacha arabuni.

Nimalizie na hili. Katika Ugiriki ya leo neno hili limeendelea na safari, nalo hutumika kwa uchumba, ile ahadi rasmi ya kuvishana pete. Nisiwadanganye, Paulo alipoandika Waefeso alikuwa na maana ya sokoni, uchumba ulikuja baadaye. Lakini maana hiyo mpya haimpingi, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba amewaposea mume mmoja, yaani Kristo (2 Wakorintho 11:2). Rehani, malipo ya kwanza, uchumba. Mahali pote neno lilikopita lilibaki na jambo moja ndani yake: yupo aliyeahidi, na ameacha kitu mkononi mwako mpaka atakapokuja.

Mwambie jirani yako: usilitupe hilo ulilonalo mkononi. Amina.

TUOMBE

Baba, asante kwa Roho wako uliyemweka ndani yetu. Tusamehe tulipomuuza, na tusamehe tulipomdharau. Wafariji waliozika na bado wana maswali. Wanaougua leo, wape sehemu ya urithi wao hata sasa, na wasiopona uwashike mpaka siku ile utakapokuja kumaliza. Kwa jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Mwanzo 38:17–26. Ni kitu gani kilichomwokoa Tamari, nacho kinakufundisha nini kuhusu muhuri wa Mungu kwako?

2. Taja jambo moja ulilolionja kwa Roho Mtakatifu ambalo unaamini ni sehemu ya urithi unaokuja.

3. Je, kuna mfiwa au mgonjwa katika kikundi chenu aliyewahi kuambiwa maneno kama yale niliyomwambia mama yangu? Msimhubirie wiki hii. Mtembeleeni, mketi naye, mpike chai.